Maji ya Nairobi Hayachemki kwa Nyuzi 100

Wadau, leo naweka kando habari za programu, ingawa wenye macho wataona ni habari ile ile. Nina vifaa vyote vya kutengenezea bia yangu ya kwanza nyumbani. Sufuria ya lita 40 niliyotobolewa na kuwekewa bomba na fundi wa jua kali kule Gikomba. Ndoo mbili za plastiki ile inayofaa chakula, kila moja na mfuniko wake. Mfuko wa kitambaa wa kulowekea kimea. Haidromita, themomita tatu, mizani ya jikoni. Kimea kimefika, hopsi ziko kwenye friza, hamira imelala kwenye friji kando ya maziwa. Na bado sijapika. Hii ni Jumamosi ya tatu ninachemsha maji matupu, na kila mtu ninayemjua anayetengeneza bia nyumbani ananicheka.

Wanachoniambia ni kile kile. "Bro, mara ya kwanza usijisumbue na vipimo. Fuata tu maelezo, pika, kunywa, utajifunza mbele ya safari." Mmoja akaongeza kwamba bibi yake alitengeneza busaa miaka arobaini bila kuiona themomita hata siku moja, na watu walikuwa wakipanga foleni.

Nimeusikia ushauri huu mara nyingi mno, na naona wakati umefika wa kuupinga hadharani. Ni ushauri mbaya. Kwa mtu anayeishi Nairobi, Nakuru au Eldoret ni mbaya zaidi, na kwa mtu wa Mombasa unaweza kumpeleka hospitali. Nitaeleza.

Nianze na huyo bibi, kwa sababu ndiye anayetumiwa kunifunga mdomo.

Bibi alikuwa na chungu kimoja. Alikuwa na kibuyu kimoja cha kuchotea maji, wimbi kutoka shamba lile lile, meko ya mawe matatu mahali pale pale, na kidole ambacho kilikuwa kimeingia ndani ya maji moto mara elfu moja. Ukimwuliza joto lilikuwa nyuzi ngapi atakucheka, lakini hiyo haina maana kwamba hakupima. Kidole chake kilikuwa kimesawazishwa kwa chungu chake. Hakuhitaji namba kwa sababu hakuwa na haja ya kumwelewesha mtu wa mbali: aliyetaka kujifunza alikaa kando yake na kutumbukiza kidole chake mwenyewe. Sasa wewe umekaa Roysambu, unafuata maelezo yaliyoandikwa na mtu wa Colorado au wa Yorkshire, mtu ambaye hujawahi kuona sufuria yake, na kitu cha pekee kinachowaunganisha ni namba. Loweka kimea kwa nyuzi 67. Anza na 1.050, maliza na 1.010. Ongeza gramu 6 za sukari kwa lita. Kama 67 yako si 67 yake, hamzungumzi lugha moja. Wenzangu wa programu wanaijua hali hii: pande mbili zinapeana data, kila upande una hakika, na hakuna aliyekagua kama vizio ni vile vile. Mwaka 1999 chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kwa kosa la aina hiyo. Programu moja ilitoa namba kwa vizio vya Kiingereza, nyingine ikazisoma kama vizio vya metriki.

Na usidhani bia imesalimika. Maelezo mengi yanasema "galoni 5". Galoni ya nani? Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Galoni tano za Mmarekani ni kama lita 19, za Mwingereza karibu lita 23. Sisi tuliosoma vitabu vya Uingereza shuleni na kusoma mtandao wa Marekani jioni tuko katikati kabisa ya mtego huo. Kimea kile kile ndani ya lita 19 na ndani ya lita 23 ni bia mbili tofauti.

Haya, themomita.

Njia inayofundishwa kila mahali ni hii: tumbukiza themomita kwenye maji yanayochemka, ikisoma 100 ni nzuri. Ukiifanya hivyo Nairobi na themomita yako ikakuonyesha 100, itupe! Nairobi iko mwinuko wa kama mita 1,700 hadi 1,800 kutoka usawa wa bahari, kutegemea mtaa, na hapa maji yanachemka kwa nyuzi 94 na nukta kidogo. Hewa iliyo juu yetu ni chache, kanieneo yake ni ndogo, mvuke unatoroka mapema. Kanuni ya haraka ni kwamba kila ukipanda mita 300 unapoteza kama nyuzi moja. Kwa hiyo mtu anayesawazisha themomita yake kwa kulazimisha isome 100 kwenye sufuria inayotokota pale Kilimani amejitengenezea kosa la karibu nyuzi sita kwa mikono yake, huku akiamini amefanya kazi ya kitaalamu. Heri angeiacha ilivyokuwa.

Nikaona nisitegemee kanuni ya haraka. Simu nyingi za siku hizi zina kihisi cha kanieneo ya hewa ndani yake. Yangu ilisoma 820 hivi, kwa kipimo cha hektopaskali, nikiwa jikoni. Ukiangalia jedwali la maji na mvuke, 820 inakupa kiwango cha kuchemka cha nyuzi 94.2. Hapa kuna shimo ambalo nataka mlikwepe: msichukue kanieneo kutoka kwa programu za hali ya hewa. Zile zitakuambia Nairobi ni 1,015 au 1,020, kwa sababu watabiri hubadilisha namba zote ziwe kana kwamba kila mji uko pwani, ili waweze kulinganisha Nairobi na Mombasa kwenye ramani moja. Kwa kazi yao ni sawa. Kwa sufuria yako ni uongo mtupu.

Sehemu ya pili ya kupimia ni barafu, na barafu haina matatizo ya mwinuko. Ponda vipande vya barafu, jaza kikombe kikubwa, mimina maji baridi mpaka yafikie juu ya barafu, koroga, subiri dakika tatu. Hiyo ni nyuzi 0, iwe Lamu au Nyahururu. Watu wengi hukosea kwa kuweka maji mengi na vipande vitatu vya barafu vinavyoelea kama wanatengeneza sharubati. Maji yaliyo chini ya vipande hivyo yanaweza kuwa nyuzi nne. Barafu iwe nyingi kuliko maji.

Themomita yangu ya jikoni, ile ya kidijitali yenye sindano, ilisoma 1.5 kwenye barafu na 96 kwenye maji yanayochemka. Ya kioo ilisoma 0.5 na 94.5. Ya tatu ni kihisi cha DS18B20 kilichounganishwa na Arduino, kikasoma 0.2 na 94.3. Watengenezaji wa hicho kihisi wanaahidi kosa lisilozidi nusu nyuzi kati ya -10 na 85, na naona wanatimiza ahadi. Ukiwa na pointi mbili una mstari, na ukiwa na mstari una mistari miwili ya msimbo. Ile ya sindano: ondoa 1.5, zidisha na 0.997. Ikinionyesha 67, ukweli ni 65.3.

"Nyuzi moja na nusu tu!" Nimeshasikia. Lakini kimea kina vimeng'enya viwili vinavyokata wanga kuwa sukari. Mmoja unafanya kazi vizuri kati ya 60 na 65, nao hutoa sukari ambayo hamira huimaliza yote. Mwingine unapenda 68 hadi 72, na huacha vipande vikubwa ambavyo hamira haiwezi kuvila, ndivyo vinavyoipa bia uzito mdomoni. Dirisha lote tunalochezea ni la nyuzi chache, kutoka 63 hadi 69 hivi. Kupoteza mbili bila kujua ni sawa na kubadilisha aina ya bia bila kujua. Utapata kitu chembamba na kikavu, utalaumu kimea, utanunua kimea kingine cha bei ghali zaidi, na themomita itaendelea kukaa kwenye droo ikiwa na uso wa malaika.

Na huo mwinuko wetu haukomi kwenye themomita. Uchungu wa hopsi hautoki kwa kuloweka tu. Kemikali iliyomo hubadilika umbo polepole ndani ya maji yanayochemka, na kasi ya mabadiliko hayo inategemea joto. Kwa nyuzi 94 kasi hupungua kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na nyuzi 100. Maelezo ya pwani ya California yakikuambia chemsha hopsi dakika 60, wewe wa Nairobi hutapata uchungu ule kwa dakika 60. Ongeza hopsi au ongeza muda. Sijaona maelezo hata moja kati ya yale yanayozungushwa hapa mjini yanayolitaja jambo hili, na bado tunaambiwa "fuata tu maelezo".

Sasa haidromita, na hapa ndipo utani unaisha.

Kwa wasiokijua, hiki ni kijiti cha kioo kinachoelea. Maji yakiwa na sukari nyingi kinaelea juu, sukari ikipungua kinazama. Maji matupu ni 1.000. Bia kabla ya kuchachuka inaweza kuwa 1.050, na hamira ikimaliza kazi inabaki kama 1.010. Tofauti ya hizo mbili, zidisha na 131, unapata asilimia ya pombe: hapa ni kama 5.2. Kumbe ndani ya kile kijiti kuna karatasi tu yenye mistari, imegundishwa kwa tone la gundi. Gundi ikiachia kidogo kwenye safari kutoka China, karatasi inateleza, na kijiti kinaanza kusema uongo kwa sauti ile ile tulivu.

Kukikagua ni rahisi. Nunua chupa ya maji ya betri ya gari kwenye kituo cha petroli, yale maji safi ya kuongezea, SIYO asidi, soma kibandiko mara mbili! Hayo ni maji yaliyoondolewa madini. Yapashe au yapoze mpaka joto lililoandikwa kwenye haidromita yako, kwa kawaida 20, ingawa nyingine za mtindo wa zamani ni 15.6. Zungusha kijiti ili mapovu yaachie, soma kwa usawa wa macho pale maji yanapokuwa tambarare, wala si pale yanapopanda kwenye kioo. Inatakiwa 1.000. Yangu ilisoma 0.998. Kisha pima gramu 100 za sukari ya kawaida, ongeza gramu 900 za maji, koroga mpaka iyeyuke yote. Huo ni mchanganyiko wa asilimia 10 kwa uzito, na msongamano wake ni 1.040. Yangu ilisoma 1.038. Kosa ni pointi mbili chini, juu na chini sawasawa. Nimeandika "+2" kwa kalamu ya rangi kwenye mkebe wake na maisha yanaendelea.

Pointi mbili zinaweza kukudhuru vipi? Sikiliza. Nina rafiki Mombasa, mtu wa mitandao ya kompyuta, mwangalifu kwa kazi yake. Alipika bia yake ya kwanza kwa ule ushauri wa kutojisumbua. Maelezo yalisema bia itaishia 1.010. Siku ya kumi akapima, akaona 1.010, akafurahi, akaweka sukari gramu 6 kwa lita kama alivyoambiwa, akafunga chupa 40 na kuzipanga kwenye kabati la chumba cha kulala. Usiku wa sita ya kwanza ikapasuka. Kabla hajawasha taa ya pili ikafuata, na ya tatu. Kipande cha kioo kilipita kwenye mlango wa mbao wa kabati. Ndani ya nyumba hiyo analala mtoto wa miaka miwili.

Nilimwomba aikague haidromita yake. Ilikuwa inasoma pointi mbili chini, kama yangu. Halafu chumba chake kilikuwa nyuzi 30, na kijiti kimetengenezewa nyuzi 20. Maji ya nyuzi 30 ni mepesi kuliko ya nyuzi 20, hivyo kijiti kinazama zaidi na kusoma pungufu kwa pointi mbili na nusu nyingine. Jumla ni pointi nne na nusu. Alipoona 1.010, bia yake ilikuwa bado 1.0145, na hamira ilikuwa bado mezani inakula. Kila pointi moja inayochachukia ndani ya chupa iliyofungwa inatoa kama nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Bia ya kawaida hubeba lita 2.2 hadi 2.7 za gesi kwa lita. Yake ingefika zaidi ya nne. Chupa za kawaida za bia hazikutengenezwa kwa mzigo huo, na zile zilizokwisha kuzunguka baa kumi zikigongana kwenye kreti ndiyo kabisa.

Mtu atasema angepima mara mbili, siku tatu tatu, na kufunga chupa namba ikiacha kusogea. Kweli, na kila mtu afanye hivyo, hata mwenye haidromita iliyosawazishwa. Lakini ona: hata hiyo ni nidhamu ya vipimo. Mtu aliyeambiwa asijisumbue hapimi mara mbili. Anaona namba iliyoandikwa kwenye karatasi na anashangilia.

(Kwa wanaoishi pwani, kuna aina za hamira za mashambani kutoka Norwei, zinaitwa kveik, zinazofanya kazi vizuri kwa nyuzi 30 na hata zaidi. Hizo zinawafaa kuliko kupigana na joto la Kisauni kwa barafu. Sisi wa Nairobi hali yetu ni ya kuonewa wivu: ndoo kwenye kona ya chumba inakaa 18 hadi 21 sehemu kubwa ya mwaka. Mwezi wa Julai tu ndio utahitaji kuivisha sweta.)

Sufuria nayo inahitaji kusawazishwa, jambo ambalo hakuna anayelifikiria. Ile alama ya lita iliyogongwa pembeni, kama ipo, iligongwa na mtu aliyekuwa na haraka. Maji ni kitu cha ajabu: lita moja ni kilo moja, kasoro gramu mbili hivi kwa joto la chumba. Kwa hiyo ukiwa na mizani nzuri una kipimo cha lita. Mimi nilimimina kilo mbili mbili, na kila mara nikachora mstari kwenye mwiko mrefu wa mbao uliosimamishwa katikati ya sufuria. Kazi ya nusu saa.

"Na mizani uliisawazisha kwa nini?" Swali zuri, ndilo nililojiuliza pia. Nilichukua jiwe, nikalipima nyumbani, nikaenda nalo dukani kwa Mzee wa mtaa wetu, ambaye mizani yake imegongwa muhuri na maofisa wa serikali wa vipimo na mizani. Alidhani nimechanganyikiwa. Akalipima jiwe, kisha paketi ya sukari, kisha jiwe na paketi pamoja, huku wateja wakisubiri mkate na kutoa maoni. Tofauti ya mizani yangu na yake ilikuwa gramu nne katika kilo mbili. Nilinunua ile sukari kwa heshima.

Jambo moja la kukumbuka na huo mwiko: maji yakichemka yanavimba karibu asilimia 4. Lita 25 za baridi zitasoma 26 zikiwa moto. Ukipima kwenye moto bila kuondoa hiyo asilimia, utaamini una bia zaidi ya uliyo nayo, na mwisho wa siku utalaumu hopsi kwa kunywa lita nzima.

Kisha nikachemsha maji matupu kwa saa moja kamili, mfuniko wazi, moto wa gesi ukiwa pale pale nitakapouweka siku ya kupika. Nilianza na lita 28, zikabaki 24.2 baada ya kupoa. Jiko langu na sufuria yangu hupoteza lita 3.8 kwa saa. Namba hiyo haipo kwenye maelezo ya mtu yeyote duniani, kwa sababu ni ya mdomo wa sufuria yangu na ya moto wangu. Mwenye sufuria nyembamba ndefu atapoteza kidogo, mwenye pana atapoteza zaidi. Bila namba hiyo huwezi kujua uanze na maji kiasi gani ili umalize na 20. Pia bomba la fundi wangu huacha lita 1.1 chini ambazo hazitoki mpaka uinamishe sufuria. Na ndoo moja ilivuja kwenye mfuniko. Haya yote yaligunduliwa na maji ya bure, wakati kimea kikiwa salama kwenye gunia.

Wapo wa upande wa pili, ambao hawasemi "usijisumbue" bali "nunua mashine". Kuna mashine za kupikia bia zenye skrini ya rangi, zinazoongea na simu yako, na hawa jamaa wanaamini skrini ikisema 66.4 basi ni 66.4. Nukta moja mbele ya namba inawalaza usingizi. Mimi naandika programu za kuonyesha namba kwenye skrini, hiyo ndiyo kazi inayonilisha, na nawaambia kuongeza nukta ni kazi ya sekunde mbili. Haihitaji kihisi kuwa sahihi. Hata mashine ghali inataka kupelekwa kwenye barafu na kwenye maji yanayochemka, na nyingi zinakuja zimewekewa kiwango cha kuchemka cha 100: hapa kwetu zitakaa zikisubiri nyuzi ambayo haitafika kamwe, moto ukiwaka na gesi ikiisha. Tena wakumbuke kampuni ya PicoBrew ya Seattle. Mashine zake ndogo za nyumbani zilitegemea seva za kampuni, na mwaka 2020 kampuni ikafunga shughuli. Themomita ya kioo haijawahi kuomba kuunganishwa na seva.

Kinachonishangaza ni kwamba kudharau vipimo kunaletwa kwetu kana kwamba ndio utamaduni wa bia. Historia inasema kinyume. John Richardson, Mwingereza, alichapisha mwaka 1784 kazi yake ya kutumia haidromita kwenye kiwanda cha bia, akaonyesha kwa mara ya kwanza ni kimea kipi kinachotoa sukari zaidi kwa pesa. James Joule, yule ambaye jina lake tunaliandika kwenye kila mtihani wa fizikia, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester. Kipimo cha pH kilitoka kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen, kwa mkono wa Sørensen mwaka 1909. Na wenzangu mnaopima matoleo mawili ya tovuti kuona lipi linapendwa, jaribio lenu la takwimu liliandikwa mwaka 1908 na William Gosset, mfanyakazi wa Guinness aliyejificha nyuma ya jina la "Student". Alitaka kujua ni lini sampuli chache za shayiri zinatosha kuaminiwa. Bia ndiyo imewafundisha watu kupima.

Kuna hoja moja ya wapinzani ninayoikubali. Hamira ni kiumbe chenye huruma. Mtu anaweza kukosea karibu kila kitu, akisafisha vyombo vizuri tu, na bado akapata kinywaji kinachonyweka. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu ushauri mbaya unadumu: hauadhibiwi mara moja. Lakini fikirieni ile bia ya kwanza ikiwa tamu ajabu. Utairudiaje? Ulipika kwa joto usilolijua, maji usiyoyapima, ukafunga kwa namba isiyo ya kweli. Ikiwa mbaya, utarekebisha nini? Programu inayofanya kazi bila wewe kujua sababu inatisha kuliko ile iliyovunjika. Mara ya kwanza ndiyo mara ya pekee ambapo vifaa havijapakwa sukari, havijagongwa, na wewe hujazoea kasoro zao. Ukisema utasawazisha bia ya tano, bia nne za mwanzo hazitakuwa na neno la kukuambia.

Gharama ya haya yote kwangu imekuwa barafu, chupa ya maji ya betri, gesi kiasi na kalamu ya rangi. Kipima pH sijanunua, na sioni haja kwa bia ya kwanza. Kinadai vimiminika vyake vya kusawazishia na kulelewa kama mtoto. Refraktomita ni nzuri kabla ya kuchachuka, ila pombe ikishaingia inadanganya, kwa hiyo isiwe sababu ya kutupa haidromita. Na kabla mtu hajauliza: leseni na mauzo viko chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, isomeni wenyewe, hasa mnaoota kuuza. Kutonesha pombe kali nyumbani ni jambo jingine kabisa na sitaliandikia hapa.

Nimeandaa orodha ya viwango vya kuchemka kwa walio nje ya Nairobi, nikitumia mwinuko wa miji: Mombasa 100, Kisumu na Kampala karibu 96, Arusha 95 na kidogo, Kigali karibu 95, Nakuru karibu 94, Eldoret 93, Nyahururu karibu 92. Hizi ni hesabu za mwinuko, na hewa husogea nyuzi sehemu kidogo kutoka siku hadi siku. Kama uko Nyahururu na una simu yenye kihisi cha kanieneo, chemsha maji jioni hii na uniandikie umesoma ngapi. Nataka kujua.